Kebehi na Uhakiki: Watakasaji wa Jazi na Muziki Laini wa Ala

Mnamo mwaka 2000 mpiga gitaa wa Kimarekani, Pat Metheny, aliulizwa maoni yake juu ya mpiga saksafoni Kenny G. Jibu alilolitoa lilikuwa refu na kali mno, na hadi leo ndilo linalotajwa kuliko mengine yote pindi wapenzi wa jazi wanapotaka kuthibitisha kwamba muziki laini wa ala, ule unaouzwa kwa mamilioni na kusikika katika hoteli, lifti na vyumba vya kungojea madaktari, haustahili kuitwa jazi. Ajabu ni kwamba wengi wanaolitaja jibu hilo hawakulisoma kwa makini. Metheny hakusema kwamba Kenny G hapigi jazi. Alisema kinyume chake: kwamba upigaji wake umo wazi katika mapokeo ya jazi, na kwa sababu hiyo hasa unapaswa kupimwa kwa vipimo vya jazi, na ukipimwa hivyo, unapungua. Baina ya kauli hizi mbili, ile ya Metheny na ile wanayomsingizia wafuasi wake, pana tofauti kubwa ambayo mhakiki wa sanaa yoyote, iwe muziki au ushairi, hana budi kuizingatia. Kauli ya kwanza ni uhakiki. Ya pili ni kebehi iliyovishwa joho la uhakiki.

Makala haya yanaichunguza kebehi hiyo: chanzo chake, nguvu zake na udhaifu wake. Hayakusudii kumtetea Kenny G, ambaye ukwasi wake unamtosha kwa utetezi.

Kenneth Gorelick, maarufu kwa jina la Kenny G, alizaliwa Seattle mwaka 1956. Akiwa bado kijana wa shule alipiga saksafoni katika okestra ya Barry White, akasomea uhasibu chuo kikuu, akajiunga na kundi la mpiga kinanda Jeff Lorber, kisha akaanza kurekodi kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1987 wimbo wake usio na maneno, Songbird, ulifika nafasi ya 4 katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Marekani, jambo ambalo ni nadra kwa wimbo wa ala tupu. Albamu yake Breathless ya mwaka 1992 imethibitishwa kuuza nakala milioni 12 nchini humo peke yake. Hapana mpiga jazi aliyekubaliwa na watakasaji ambaye albamu yake moja imekaribia idadi hiyo kwa kasi kama ile. Katika nchi ya China wimbo wake Going Home umekuwa ukipigwa madukani na shuleni kwa miaka mingi kuwaarifu watu kwamba saa za kufunga zimewadia. Mwaka 1997 alishikilia noti moja kwa muda wa dakika 45 na sekunde 47 kwa kuvuta pumzi puani huku akiendelea kupuliza, akaandikishwa kuwa bingwa wa dunia. Watakasaji walilicheka tendo hilo kama sarakasi. Mbinu yenyewe, hata hivyo, si mzaha: wapiga zumari wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaijua vizuri, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kwa kuitumia wameacha kuwa wanamuziki.

Ni haki kwanza kuieleza hoja ya watakasaji kwa namna ambayo wao wenyewe wangeikubali. Kiini cha jazi, wanasema, ni utungaji wa papo kwa papo unaofanywa na watu wanaosikilizana. Mpiga saksafoni anapoanza zamu yake, mpiga ngoma, mpiga besi na mpiga piano hawakai wakimngojea amalize. Wanamjibu, wanamchokoza, wanabadili msisitizo wa mapigo, naye hulazimika kuibadili njia yake kwa yale aliyoyasikia nukta iliyopita. Msomi wa Kiswahili hahitaji mfano wa mbali ili aelewe jambo hili. Ni ile hali ya malenga wawili wanaojibizana. Beti za kwanza zinafunga kitendawili, na mpinzani hana budi kukifungua kwa bahari ile ile na vina vile vile, lakini kwa hoja ambayo aliyeanza hakuitarajia. Tangu enzi za Muyaka wa Mombasa, uzuri wa beti za namna hiyo umetokana kwa sehemu kubwa na hatari iliyomo: mtu anaweza kushindwa hadharani. Palipo na jazi, wanasema watakasaji, pana hatari hiyo.

Sasa, katika sehemu kubwa ya muziki laini uliorekodiwa tangu miaka ya 1980, hatari hiyo imeondolewa kwa makusudi. Mapigo hutengenezwa kwa mashine au hupangwa mapema. Vinanda vya umeme hutandika zulia la sauti lisilobadilika. Mpiga saksafoni huja mwisho, peke yake studioni, akapiga juu ya kitu kilichokwisha kamilika. Anaweza kuipamba lahani atakavyo, lakini hana wa kumjibu. Metheny aliongeza mambo mengine ya kiufundi: kwamba msamiati wa Kenny G ni mfinyu, umejengwa juu ya vijisehemu vichache vya ngazi ya sauti tano na vya bluzi, na kwamba sauti yake huelekea kupanda kidogo juu ya pale inapostahili. Haya ni madai yanayoweza kuchunguzwa kwa sikio. Anayeyapinga anaweza kuleta rekodi na kuyapinga. Kwa hiyo ni uhakiki wa kweli, na msomaji mwenye subira atakiri kwamba kwa kiasi kikubwa madai hayo yana msingi. Songbird ni wimbo mwepisi. Lahani yake ni tamu, lakini inarudia utamu ule ule, na mtu akiusikiliza mara ya kumi hatasikia lolote ambalo hakulisikia mara ya kwanza.

Lau watakasaji wangeishia hapo, pasingekuwa na haja ya kuandika zaidi. Hawakuishia hapo. Wengi wao wamepiga hatua kutoka "si bora" hadi "si jazi", na kutoka hapo hadi "wanaousikiliza hawajui kusikiliza". Kila hatua katika hizo inahitaji ushahidi wake, na historia ya jazi yenyewe inakataa kuutoa.

Tuchukue neno lenyewe. Katika miaka ya 1920 mtu aliyetangazwa Marekani kuwa mfalme wa jazi alikuwa Paul Whiteman, kiongozi wa okestra kubwa ya Wazungu iliyopiga muziki uliopangwa na kusafishwa kwa ajili ya kumbi za starehe. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Hugues Panassié aliandika kitabu mashuhuri, Le Jazz Hot (1934), akitetea jazi yenye moto dhidi ya ile tamu ya maokestra. Alionekana mwanamapinduzi. Lakini Charlie Parker na Dizzy Gillespie walipoleta mtindo wa bibopu katika miaka ya 1940, Panassié yule yule aliukana akisema si jazi. Mtakasaji wa jana akawa kikwazo cha leo. Na Theodor Adorno, katika makala yake ya mwaka 1936, hakuona haja ya kutenganisha moto na utamu: kwake jazi yote ilikuwa bidhaa ya soko inayojifanya huru. Inachekesha kidogo kuona kwamba mashtaka anayosomewa Kenny G leo, kwamba anauza uhuru wa bandia kwa watu waliochoka, ni yale yale aliyosomewa mlango mzima wa jazi miaka zaidi ya hamsini kabla yake.

Isitoshe, mpaka baina ya moto na utamu haukuwahi kupita pale watakasaji wanapotaka upite. Louis Armstrong, ambaye hakuna awezaye kumtoa katika jazi bila kuibomoa jazi yenyewe, aliipenda kwa dhati okestra ya Guy Lombardo, kundi lililokuwa mfano wa utamu ambao wahakiki waliuona wa kuchukiza. Wahakiki walidhani anatania. Hakuwa akitania. Charlie Parker, shujaa wa bibopu, alirekodi pamoja na fidla na vinubi mwaka 1949, akasutwa kwamba ameuza utu wake. Rekodi hizo zikawa miongoni mwa zile zilizouzwa sana katika maisha yake, na mwenyewe alizithamini. John Coltrane aliirudisha masikioni mwa watu saksafoni ya soprano, ala ambayo baadaye ndiyo ilimtajirisha Kenny G, kwa kuupiga wimbo wa tamthilia ya Broadway, My Favorite Things, aliourekodi mwaka 1960. Wes Montgomery, ambaye Metheny humhesabu kuwa mmoja wa walimu wake wakuu, alitumia miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1968 kupiga nyimbo za watu wengi zilizozungushiwa fidla chini ya usimamizi wa Creed Taylor. A Day in the Life ya mwaka 1967 iliwaudhi wapenzi wake wa zamani. Hata hivyo, atakayeisikiliza kwa utulivu atatambua kwamba kidole gumba cha Montgomery hakikusahau chochote: kilichopungua ni nafasi ya kukitumia.

Kutoka kwa Taylor na kampuni yake ya CTI ndipo njia inaponyooka hadi kwa muziki laini. Grover Washington alirekodi Mister Magic; George Benson akatoa Breezin' mwaka 1976, akafika kileleni mwa orodha ya jazi, ya muziki wa Waamerika Weusi na ya muziki wa watu wote kwa wakati mmoja. Hapa ndipo jambo ambalo kebehi hulifunika linapojitokeza. Muziki huu haukutoka kwa wafanyabiashara peke yao. Ulitoka pia katika redio za Waamerika Weusi. Mwaka 1976, katika stesheni ya Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, kulianzishwa kipindi cha usiku kilichoitwa Quiet Storm, jina lililotoholewa kutoka kwa albamu ya Smokey Robinson ya mwaka 1975, na mtindo huo ukaenea katika miji mingi. Wasikilizaji wake walikuwa watu wanaorudi nyumbani baada ya kazi, wengi wao weusi wa tabaka la kati lililokuwa likikua. Walitaka muziki wa kupumzikia, na walitaka uwe na bluzi na kanisa ndani yake. Washington aliwapa. Mhakiki anayesema kwamba wote waliompenda Grover Washington hawana masikio anajikuta, pengine bila kukusudia, amewanyima haki ya kuhukumu sanaa watu wale wale ambao mababu zao ndio walioibuni jazi. Kwamba mnufaika mkubwa kuliko wote wa njia hiyo alikuja kuwa Mzungu wa Seattle ni jambo la kuudhi, na sehemu ya hasira dhidi yake ina haki yake. Lakini hasira hiyo ielekezwe kwenye mgawanyo wa mapato na umaarufu, wala isijifanye hoja juu ya ngazi za sauti.

Mwaka 1987 unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ulivyozoeleka. Mwezi Februari stesheni moja ya Los Angeles iliyokuwa ikipiga muziki wa roki iligeuzwa kuwa The Wave, ikipiga muziki wa ala wa utulivu mchana na usiku. Mwaka huo huo Songbird ikapanda chati. Na mwaka huo huo Bunge la Marekani likapitisha azimio la kuitangaza jazi kuwa hazina ya taifa. Matukio haya hayakupangwa na mtu mmoja, lakini yanaelezana. Sanaa inapotangazwa kuwa hazina, hupata walinzi. Na walinzi huhitaji mlango, na mtu wa kuzuiwa mlangoni. Katika miaka iliyofuata jazi iliingia kwa nguvu katika vyuo, katika majumba kama Lincoln Center ya New York chini ya Wynton Marsalis, na katika ruzuku. Ilikuwa ikipoteza wasikilizaji huku ikipata heshima. Wakati huo huo stesheni za redio, baada ya kuwakusanya wasikilizaji na kuwahoji kama wauzaji wa sabuni wanavyohoji wateja, zilichukua jina la jazi, zikalitia sifa ya ulaini, zikaenda nalo sokoni. Basi ugomvi ulikuwa pia wa urithi wa jina. Mmoja alikuwa na heshima bila fedha, mwingine fedha bila heshima, na kila mmoja alikuwa na kile alichokikosa mwenzake.

Soko lenyewe halikuwa mwaminifu kwa watoto wake. Stesheni ya New York iliyokuwa ngome ya muziki huo iligeuzwa kuwa ya roki mwaka 2008. Ile ya Chicago ikageuzwa kuwa ya Kihispania mwaka 2009. Muziki uliosemekana kuwa ungeiua jazi ulipoteza makao yake redioni, na jazi iliendelea kupigwa katika vilabu vile vile vidogo, mbele ya watu wale wale wachache.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki, mzozo juu ya jina hauna ugeni wowote. Neno jazi lilifika kwetu na kupachikwa kwenye bendi za dansi ambazo Marekani zisingetambuliwa hivyo: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Shirati Jazz, na kule Kongo O.K. Jazz iliyoundwa mwaka 1956. Zilipiga rumba, benga na mitindo ya nyumbani. Neno lilikuwa na maana ya bendi yenye magitaa, pengine na saksafoni, inayowachezesha watu, na hivyo likatumika bila kumdhuru yeyote. Aliye na fikra kwamba neno hubeba kiini chake popote liendapo, na awaulize wachezaji wa dansi wa Morogoro.

Mzozo ulio karibu zaidi na taaluma hii ni ule wa ushairi. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, wapo waliosema kwamba tungo zisizo na vina na mizani si mashairi, wakarejea kwenye kanuni zilizoandikwa na Amri Abedi mwaka 1954. Upande wa pili ulijibu kwamba ushairi ni zaidi ya vina. Wino mwingi ulimwagika juu ya swali la kama tungo hizo ni ushairi, na kwa muda mrefu wachache tu waliuliza zipi kati yake ni nzuri na zipi ni dhaifu. Ikumbukwe kwamba pande zimebadilishana: katika ushairi, mkosaji wa watakasaji alikuwa mgumu asiyependwa na wengi, katika jazi, mkosaji ni mwepesi anayependwa mno. Hata hivyo mbinu ni moja. Kukana jina humwepusha mhakiki na kazi ya kusoma, au ya kusikiliza. Ndiyo maana kauli ya Metheny ni ya thamani kuliko za wafuasi wake: kwa kukubali kwamba Kenny G yumo ndani ya nyumba, amemnyima kisingizio cha kusema kwamba sheria za nyumba hazimhusu.

Lililobaki ni kosa lililomchokoza Metheny aandike. Katika albamu yake ya mwaka 1999, Classics in the Key of G, Kenny G alichukua rekodi ya Armstrong ya What a Wonderful World na kuipigia saksafoni yake juu yake, kana kwamba wawili hao walikuwa pamoja. Armstrong alikuwa amefariki mwaka 1971. Metheny aliliona tendo hilo kama kuunajisi mwili wa marehemu, na watakasaji wakaitikia kwa sauti moja.

Hapa panahitaji uangalifu, maana rekodi iliyonajisiwa si ile ambayo mtu angeitarajia. What a Wonderful World, iliyorekodiwa mwaka 1967, haikuwa jazi ya moto. Ilikuwa wimbo wa polepole wenye fidla, uliotungwa kwa ajili ya soko. Mkuu wa kampuni ya rekodi hakuupenda na Marekani haukuuzika, ingawa Uingereza ulishika nafasi ya kwanza mwaka 1968. Umaarufu wake nchini mwake ulikuja baada ya kutumiwa katika filamu ya Good Morning, Vietnam mwaka 1987, mwaka ule ule tena. Kwa vipimo vya watakasaji, wimbo huu wenyewe ni muziki laini. Na ndani yake Armstrong hapigi tarumbeta hata mara moja. Anaimba tu, kwa sauti iliyokwisha kwaruzwa na umri, naye mtu aliyewafundisha wapigaji wa karne nzima namna ya kupuliza ameiweka ala yake chini.

Hivyo hoja ya kwamba utakatifu wa jazi umevunjwa haisimami. Iliyo na nguvu ni hoja nyingine, nayo inatoka katika kanuni ile ile ya kujibizana. Saksafoni ya Kenny G inamjibu Armstrong baada ya kila mshororo, kwa mapambo ya kupanda na kushuka, kama rafiki anayeitikia. Lakini Armstrong hamsikii. Hawezi kuharakisha, hawezi kunyamaza ili mwenzake ajikwae, hawezi kucheka, hawezi kumpokonya zamu. Miaka minane kabla yake, mwaka 1991, Natalie Cole alikuwa ameimba Unforgettable pamoja na sauti ya marehemu baba yake, na watu walilia kwa huruma. Huko angalau ilikuwa wazi kwa kila msikilizaji kwamba binti anazungumza na aliyeondoka, na majonzi ya kutojibiwa ndiyo yaliyokuwa maudhui. Kenny G hakuacha nafasi ya majonzi hayo. Amejaza kila mahali ambapo Armstrong alivuta pumzi, zikiwamo zile nafasi ambamo, mwaka 1967, palikuwa na tarumbeta iliyoamua kunyamaza.